Shirikisho na Njia ya Magadi

Mwaka jana, serikali ilipotaka kujua kama sisi wananchi tuko tayari kuungana na Kenya na Uganda tuwe nchi moja yenye rais mmoja, mimi nilikuwa kidato cha tatu na nilikuwa natumikia adhabu mbili. Ya kwanza ilikuwa kufyeka uwanja wa mpira, kwa kosa la kuigiza mkuu wa shule anavyopiga chafya paredi. Ya pili ilikuwa kukaa dawati la mbele kabisa kila kipindi cha Uraia, pale mate ya mwalimu yanapotua.

Hiyo ya pili wala haikuniuma. Mwalimu wa Uraia nilimpenda. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa na kinyongo naye toka mwanzo. Alikuwa kijana, anavaa viatu vyenye ncha ndefu ambavyo vilikuwa vinaingia darasani kabla yake, na ndiye mwalimu pekee ambaye ukimchekesha anacheka kwanza, adhabu baadaye. Walimu wengine hutoa adhabu bila hata kutabasamu. Huo ni uchoyo.

Ndiye aliyetuletea habari ya Shirikisho. Alichora ubaoni miduara mitatu iliyoingiliana, akasema hizi ndizo nchi zetu, na hapa katikati ndipo tutakapokutana wote, na nyingine mbili ziko mlangoni zinabisha hodi. Akasema kuna kamati inazunguka nchi nzima kuuliza watu: tuharakishe, twende taratibu, au tuache kabisa? Itafika hata kwetu Hanang. Mimi nikauliza kama huyo rais mmoja atakuwa analala siku mbili mbili kila ikulu, kama mume wa wake watatu. Darasa zima likalala juu ya madawati. Mwalimu alicheka mpaka akafuta ubao kwa kiganja, kisha akasema swali ni zuri, ila muulizaji atafyeka na nyuma ya vyoo.

Halafu akaendelea. Shirikisho likija, alisema, mtu atatoka hapa mpaka Kampala bila kusimamishwa na yeyote, yeye na biashara yake, yeye na ng'ombe wake. Hapo ndipo rafiki yangu, niliyekuwa nakaa naye dawati moja hata kwenye adhabu, alipoinua mkono. Msichana huyu hainui mkono. Hata akiitwa jina kwenye mahudhurio hujibu kama anaomba radhi. Akasimama, akauliza:

"Na shamba la ngano, mwalimu? Hapo nako tutapita?"

Watu wakacheka, wakidhani ameniambukiza ugonjwa wangu. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua anauliza kweli.

Inabidi nieleze shamba. Sisi tunaishi kambini, ndani ya shamba la serikali, kwa sababu baba ni dereva wa kombaini, mashine ya kuvunia ngano. Asili yetu ni Bashay, kule juu Mbulu, ambako mashamba yamebanana kiasi kwamba jirani akikohoa unampa pole bila kuinua sauti. Baba aliposhuka huku uwandani akaona ngano isiyo na mwisho, alidhani amefika mbinguni, na mbinguni wanalipa mshahara. Siku hizi mbinguni dizeli inaisha katikati ya mwezi. Kombaini nyingi zimelala karakanani zimekatwa viungo, ili chache zilizobaki zitembee. Lakini shamba ni lile lile, na askari wake ni wale wale.

Rafiki yangu ni Mbarbaig. Watu wao walikuwa wanachunga kwenye uwanda huu ngano ikiwa bado haijui njia ya Hanang. Na ng'ombe wao walikuwa na njia yao, inatoka huku juu inateremka mpaka ziwa Balangida, kwenye magadi. Ng'ombe asipolamba magadi anakonda akiwa na majani mdomoni, maziwa yanapungua, ndama anadhoofu. Shamba lilipokuja, njia ikalimwa, ikapandwa ngano. Tangu hapo ng'ombe wanaoenda kwenye magadi wanazunguka shamba lote, siku nzima na nusu ya pili, na wale dhaifu hawarudi. Anayekatisha katikati anakamatwa, na mifugo yake inafungwa kwenye zizi nyuma ya karakana.

Njia yenyewe haijafa lakini. Mvua ikinyesha unaiona: ngano ya pale huota fupi, mstari mrefu wa ngano fupi, kwa sababu udongo umeshindiliwa na kwato miaka isiyohesabika. Baba aliwahi kunipandisha kwenye kombaini, tulipofika pale tukarushwa wote wawili. "Hapa mashine huruka kila mwaka," akasema. "Trekta limelima weee, halijapamaliza."

Baada ya kipindi kile rafiki yangu aliniambia mama yake ananiita.

Mama yake namjua toka nikiwa mdogo. Kila asubuhi huleta maziwa kambini, bangili zake za shaba zikitangulia kupiga hodi. Mimi huniita Mtoto wa Dudu, dudu likiwa ni kombaini. Nilipofika nyumbani kwao nikampa shikamoo, akaitikia, akanipa kibuyu cha maziwa ya mgando, akanitazama nikinywa mpaka mwisho. Kisha akaeleza haja yake. Alikuwa amesikia kwamba maoni ya watu yataandikwa na kupelekwa kwa wakubwa. Yeye anayo maoni. Hataki shamba livunjwe, hataki fidia. Anataka njia tu, upana wa ng'ombe watatu wakienda pamoja, wapite kwenda kwenye magadi na kurudi. Hayo yote anaweza kusimama akayasema mwenyewe. Kuna neno moja tu hawezi.

Njia ile ina jina. Inaitwa kwa jina la babu wa rafiki yangu, mzaa baba, aliyechimba kisima cha kunyweshea katikati yake. Na kwao, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Si kwamba anaona haya kidogo kama sisi tunavyoona haya kumtaja mkwe. Hatamki, hata mzee awe amekufa, hata wawe peke yao porini yeye na mbuzi. Analizunguka jina kama ng'ombe wanavyolizunguka shamba. Nyumbani husema "kule kwa maji," na watoto wanaelewa. Lakini wakubwa wa kamati hawatoki nyumbani kwake. Wakiuliza njia ipi, nani atawajibu?

Nikamgeukia rafiki yangu. Yeye ni mjukuu, yeye jina halimzuii. Nikamwambia, si useme wewe.

"Mimi nikisema, watasikia Mmang'ati analalamika," akanijibu, kwa lile jina ambalo watu huwaita wakiwa wamewakasirikia. "Wewe mtoto wa dereva. Ukisema wewe, watauliza kwa nini."

Basi nikaahidi. Mama yule alitutuma nyuma ya zizi la ndama ili rafiki yangu anifundishe kulitamka vizuri, na yeye mwenyewe akaenda mbali kukata kuni huku akiimba kwa nguvu asilisikie. Nililiharibu mara nne. Rafiki yangu alicheka akakaa chini kwenye samadi. Hilo jina siliandiki hapa. Mama yule aliniruhusu kulisema mahali pamoja, na hapa si hapo.

Nilimwambia baba jioni ile ile, kwa sababu ni mkate wake niliokuwa naenda kuuchezea. Alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Akanawa tena mikono iliyokwisha takata. Akasema, "Sema. Ila usianze na maneno 'baba yangu'."

Na nilimwambia mwalimu wa Uraia. Yeye ndiye nilimwambia kwa furaha. Alikuwa ameteuliwa kuwa mwandishi wa kata yetu, yaani kila maoni yatakayosemwa, yeye ndiye atakayeyajaza kwenye fomu za kamati. Nilimkuta ofisini anakula mahindi ya kuchemsha, nikamweleza yote: magadi, kisima, baba mkwe na jina lisilotamkwa. Akaacha mahindi. Akasema miaka yote anafundisha mada ya ushiriki wa wananchi kwa mifano ya vitabuni, na leo mfano umemfuata kwa miguu. Akapanga kila kitu pale pale. Mdahalo wa wanafunzi utatangulia, mimi nikiwa msemaji mkuu upande wa kuunga mkono, watu wachangamke. Kisha mama atapewa nafasi. Kisha mimi.

"Neno lake litafika kama lilivyo," akaniambia. "Kalamu ninayo mimi."

Niliondoka pale nimevimba kichwa. Nilijiona mimi na yule mwalimu ndio Shirikisho lenyewe.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la ngano, ambalo siku hizo lilikuwa tupu, na sauti ikisemwa ilikuwa inaenda ukutani na kurudi kusikiliza ilichosema. Kamati walikuwa watu watatu na dereva aliyesinzia. Meneja wa shamba alikaa safu ya mbele, mguu juu ya mguu, kama bibi harusi asiyempenda bwana. Vibarua walijaa, wakulima wa vijijini walikuja, wengine toka Gitting kwa miguu. Wazee wa Kibarbaig walisimama pembeni na fimbo zao, hawakutaka viti.

Mdahalo niliupiga. Nilisema ndugu mwenyekiti, ndugu mtunza muda, tusiogope kuungana na Wakenya. Wao wanatuzidi Kiingereza, sisi tunawazidi Kiswahili, kwa hiyo hata tukigombana hakuna atakayeelewa ametukanwa nini. Nilisema Waganda watatuletea ndizi na sisi tutawapelekea ngano, kama dizeli ikipatikana. Hapo watu wa karakana walipiga makofi mpaka meneja akabadilisha mguu. Mtoa hoja wa kupinga, mvulana wa kidato cha nne mwenye sauti ya kasisi, alisema ndoa ya haraka ina kilio cha haraka. Tulishangiliwa wote.

Ndipo wakaja watu wazima. Mmoja akasema vijana wetu watanyang'anywa ajira. Mwingine akasema Jumuiya ile ya kwanza ilivunjika, waliovunja bado hai, waulizwe. Mzee mmoja akataka kujua bei ya mbolea itakuwaje. Mwalimu wangu alikuwa mezani anaandika, ncha za viatu vyake zimetokeza chini ya kitambaa.

Mama akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ghala lilimsaidia.

"Mmesema mtu na ng'ombe wake watapita mpaka Uganda," akasema. "Mimi Uganda sina shida nako. Nataka kupita hapa nyuma."

Watu wakacheka. Halafu kicheko kikaisha kwa mafungu, kwa sababu yeye hakuwa anacheka. Akaeleza. Magadi, kuzunguka, ng'ombe wasiorudi. Akaonyesha upana kwa mikono. Mwenyekiti wa kamati, mwanamume mpole mwenye miwani, alionekana kumsikiliza kweli. Meneja akaomba kutoa ufafanuzi, akasema shamba hili lina ramani, kila bloku ina namba, na katika ramani hiyo hakuna njia yoyote ya ng'ombe yenye jina wala isiyo na jina.

Mwenyekiti akamgeukia mama. "Njia hiyo inaitwaje, mama? Inapita wapi?"

 Mama akavuta shuka, akajifunika midomo. Vibarua wa nyuma wakaanza kunong'ona kwamba ona, anatunga, hata jina halijui. Mmoja akasema kwa sauti kwamba pengine inaitwa Barabara ya Uhuru. Hicho ni kichekesho ambacho siku nyingine ningekiiba.

Nikasimama. Nilikuwa na vichekesho vitatu tayari vya kufungulia, vyote vikapotea. Nikalitaja jina, mara moja, na nikasema njia inaanzia wapi na kisima kiko wapi na inaishia wapi. Nilipolitaja mama aliinamisha kichwa. Wazee wale wa pembeni wakaguna kwa pamoja, mguno mmoja mzito wa kukubali, fimbo zikagusa sakafu. Baba alikuwa kati ya watu wa karakana. Alikuwa anatazama dari kama anayetafuta panya.

"Mwalimu, umeandika?" mwenyekiti akauliza.

"Nimeandika."

Kesho yake mama alileta maziwa kwetu, akakataa kulipwa. Alinishika kiganja akakitemea mate kidogo, baraka hiyo, akasema sasa limeandikwa. Alilisema neno hilo kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Siku kama kumi zikapita. Mwalimu akaniita ofisini. Fomu zilikuwa zimejaa mikunjo na michoro ya kufutafuta, zilitakiwa kunakiliwa safi nakala tatu kabla ya kupelekwa mbele, na kama kuna jambo ambalo sijawahi kuadhibiwa nalo ni mwandiko wangu. Nikakaa, nikachukua kalamu. Kulikuwa na safu: namba, jinsia, kazi, ndiyo au hapana, sababu. Nikaanza kunakili huku nikijichekea mwenyewe, hasa kwa yule mzee wa mbolea. Nikafika mstari wa kumi na saba.

Mke. Mfugaji. Hapana. Anahofia wageni kutoka nchi jirani kuchukua ardhi.

Nikarudi juu, nikateremka chini. Siku ile ghalani alisema mwanamke mmoja tu. Nikamwambia mwalimu kwamba mstari huu umekosewa. Akasema haujakosewa.

"Mama hakuwataja wageni, mwalimu."

"Alizungumzia ardhi."

"Alizungumzia shamba. Shamba ni la serikali. Ni letu sisi."

"Ndiyo maana," akasema, akaenda kufunga mlango.

Akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. Fomu haina safu ya ng'ombe. Kamati imeuliza kuhusu Shirikisho, haikuuliza kuhusu magadi, na mtu lazima aingie ama ndiyo ama hapana. Mikoa yote, watu wanasema ardhi, ardhi. Huyu naye kasema ardhi, kwa hiyo amemweka pamoja na wenzake ili sauti yake iwe na uzito. Halafu akaongeza, akitazama dirishani, kwamba gari linaloleta maji shuleni ni la shamba, na meneja alikuwa amepita pale ofisini juzi kusalimia.

"Uliniambia litafika kama lilivyo," nikasema.

"Limefika. Limevaa nguo tu." Akasukuma karatasi karibu yangu. "Andika, bwana. Wanazisubiri wilayani Katesh."

Nasema ukweli, nilikuwa nasubiri kichekesho kije. Siku zote nikibanwa huwa kinakuja, hata kibaya, na kinanitoa. Hakikuja. Nikaandika. Mke, mfugaji, hapana, anahofia wageni. Mara tatu, mwandiko wangu mzuri, herufi zimelala upande mmoja kama ngano upepo ukipita. Mwalimu akasema ahsante, akanisamehe kufyeka kote kulikobaki.

Sikumwambia rafiki yangu. Kila asubuhi nilijiambia nitamwambia mapumziko, na mapumziko nikajiambia baada ya masomo. Nilichekesha sana wiki ile. Waulize darasani kwetu, watakuambia wiki ile ndiyo nilikuwa bora kuliko zote.

Mavuno yalikuwa yamekwisha, shambani yamebaki mabua. Siku ya Alhamisi mama yule aliswaga ng'ombe wake kumi na wanne, akaingia nao shambani mchana kweupe, akafuata mstari wa njia. Hakujificha. Hakukimbia askari walipomjia. Alisimama akawangoja, akawaambia limeandikwa, mkiwa hamjui mwiteni mwalimu aliyeandika.

Askari mmoja akaja shuleni na baiskeli. Mwalimu akatoka kipindini, akavaa koti. Rafiki yangu aliona askari ni yule wa zizi, akaondoka mbio bila ruhusa, na mimi nyuma yake. Tulikuta ng'ombe wameshafungwa nyuma ya karakana, na watu wamejaa uani, baba akiwa mmoja wao, spana mkononi. Meneja alikuwa mlangoni pa ofisi yake.

Mama akamwambia mwalimu, kwa heshima kabisa, kwamba hawa hawajui, waambie.

Mwalimu alitazama viatu vyake. "Mama, kwenye karatasi hakuna njia," akasema.

"Ulisema umeandika."

"Niliandika maoni yako kuhusu Shirikisho."

 Mama aliniona nimesimama nyuma ya tairi la trekta, akaniita. "Mtoto wa Dudu. Wewe ulilitaja, mimi nilisikia. Waambie limeandikwa."

Nilisema kwamba mwalimu aliandika kitu kingine. Nilisema taratibu, lakini uani pale kila mtu alisikia. Nikataja alichoandika, wageni wa nchi jirani na ardhi, nikaona wafanyakazi wanatazamana. Mwalimu hakukanusha. Nilidhani hapo ndipo ukweli utakapofanya kazi yake. Meneja aliingia ofisini akafunga mlango, hivyo tu, na askari akatia kufuli zizi.

Rafiki yangu ndiye aliyeuliza. Hakumwuliza mwalimu.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Nani alikuambia?"

"Nilinakili mimi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu ambalo alishalipata mwenyewe. Mama yake alikuwa ameshaanza kuondoka. Bangili zake nilizisikia mpaka zilipovuka bwawa.

Ng'ombe walikaa zizini siku tatu. Baba alikuwa akiwabebea maji kwa ndoo za karakana, na askari walijifanya hawamwoni. Mtamba mmoja aliyekuwa na mimba aliitupa pale pale kwenye saruji. Walipoachiwa, walirudishwa kwa njia ya kuzunguka.

Rafiki yangu alihamia dawati la nyuma, karibu na dirisha lililovunjika. Maziwa yaliendelea kuja kambini, ila nyumba yetu ilirukwa. Mwalimu wa Uraia hakubadilika. Alifundisha haki na wajibu, alifundisha mihimili ya dola, na akiniona kimya alikuwa ananichokoza ili nichekeshe. Nilikuwa namwangalia, nasema sijui mwalimu. Sijawahi kumjibu jeuri. Ningependa kusema nilimjibu.

Miezi ikapita, ikasomwa redioni kwamba wananchi wengi wametoa maoni yao, na kwamba wengi hawataki kuharakishwa, na miongoni mwa sababu kubwa ni hofu kwamba wageni watachukua ardhi yao. Tulikuwa tunasikilizia nje ya karakana. Wafanyakazi wakatingisha vichwa, wakasema kweli, wale jamaa wangetumaliza. Yule yule aliyesema pengine njia inaitwa Barabara ya Uhuru akasema serikali imewasikiliza wananchi safari hii. Baba akainuka akazima redio, na ilikuwa si redio yake.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya debe, nikijua kwamba katika hao wananchi wengi yumo mmoja ambaye hakusema hivyo, na mwandiko uliosema hivyo ni wangu. Nikajiuliza na wengine je. Yule mzee wa mbolea, kwa mfano. Yeye aliuliza bei tu; mimi niliunakili mstari wake nikicheka, sikujiuliza aliwekwa ndiyo au hapana kwa nini. Na kule Haydom, na Mbulu, na mikoa ambayo siijui, ni kina mama wangapi walisimama wakaomba njia wakaandikiwa wageni?

Wiki mbili zilizopita mama alikuja nyumbani kwetu. Alikuja saa kumi jioni, bila maziwa, na binti yake, yaani rafiki yangu, nyuma. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Hakuniita Mtoto wa Dudu. Akasema anataka barua ya kwenda wilayani, ataipeleka mwenyewe mkononi kwa mkubwa, hataki ipite kwa mtu. Binti yake anajua kuandika, lakini mkubwa ni lazima aone mwandiko wa kueleweka, na mwandiko huo ni wangu. Alilisema hilo kama anavyosema fulani ana shoka.

Tukakaa barazani. Akasema, nikaandika. Ilipofika kwenye jina aligeuza uso akatazama mlima, binti yake akalitaja kwa ajili yake, nikaliandika. Aliporudisha uso akaendelea pale alipoachia: kisima, magadi, upana wa ng'ombe watatu, mtamba aliyetupa mimba. Nilimaliza ukurasa. Nikataka kumpaka wino wa kalamu kidoleni atie alama.

Hakutoa kidole. Akamgeukia binti yake.

"Soma."

Rafiki yangu akachukua karatasi. Alisoma akiweka kidole chini ya kila neno, polepole, akimtafsiria mama yake kwa lugha yao sentensi kwa sentensi, na mama akiitikia. Karibu na mwisho kidole kikasimama. Niliandika pale kwamba ng'ombe wetu, tofauti na wakubwa fulani, hukumbuka njia hata wakishashiba.

"Hili mama hakusema," akasema.

Nikamwambia ni utani tu, na tena ni kweli.

"Hakusema."

Nilichukua kalamu nilikate. Akavuta karatasi. Akasema wilayani wasione mahali palipofutwa, niandike upya. Nikachana ukurasa mwingine katikati ya daftari, nikaandika yote toka juu, aliyoyasema na siyo mengine, jua likishuka nyuma ya ghala. Nikampa. Nilidhani sasa ataangalia pale mwisho tu.

Akaweka kidole kwenye tarehe, akaanza kusoma tena toka mwanzo.